Poka Barazani Bila ya Senti Tano: Mwongozo Kamili wa Kanuni na Mbinu

Poka ina jina baya Zanzibar, na wala haikuonewa. Kwa asili yake huchezwa kwa pesa, na kuchezea pesa ni kamari. Aya ya 90 ya Suratul-Maida haikuacha mlango wa kupita. Kwa hiyo tuelewane mapema. Poka ninayoielekeza hapa haina shilingi mezani, haina kete za kununua, na haina "atakayefungwa alipe kahawa", maana hilo nalo ni dau hata kama ni la kikombe kimoja. Zile programu za simu zinazokutaka uweke pesa kwanza ndiyo ucheze, ziache zilipo. Na wako masheikh wasiopenda karata hata zikichezwa bure. Mwenye kufuata kauli yao abaki na bao lake, hatukosani.

Ukishaitoa pesa, kinachobaki ni mchezo wa hesabu na wa kumsoma mwenzako usoni, mzuri kuliko mingi tunayocheza. Tatizo ni moja: ukiitoa pesa umetoa pia hofu ya kupoteza. Kila mtu anafuata kila dau, hakuna anayetupa karata, na baada ya nusu saa mmekaa mnacheza bahati nasibu. Poka ni mchezo wa kukataa. Mchezaji mzuri karata nyingi anazogaiwa anazitupa, na asiye na sababu ya kuzitupa hatojifunza lolote. Lazima basi iwepo sababu.

Kiti kishike nafasi ya pesa

Dhumna imeshatuonyesha njia. Waliofungwa wanainuka, wengine wanakaa, na wapo wazee ambao kuinuka mbele ya vijana kunawauma kuliko kutoa elfu kumi. Chukueni kanuni hiyo hiyo: kila mmoja anaanza na kete sawa, hakuna kuongezewa wala kukopeshana, zikikwisha unampisha mwengine kiti. Si jambo geni hata kwa wenye mchezo wao. Mashindano ya World Series of Poker yalipoanza Las Vegas mwaka 1970, mshindi alipatikana kwa kura za wachezaji wenyewe. 1971 ndipo ilipowekwa kanuni ya kucheza mpaka abaki mmoja mwenye kete zote.

Vifaa ni vyepesi. Pakiti moja ya karata, jokari mbili ziwekwe kando, zibaki 52. Kete azimeni kwa mwenye bao: bao la Kiswahili lina kete 64, na zinatosha watu sita. Kila mtu apewe kete 10 na kunde kavu 30. Kete moja ihesabiwe kunde tano, kwa hiyo kila mmoja ana thamani ya kunde 80. Zile kete nne zinazobaki ziwe za kuvunjia chenji. Mkiwa wanne, hesabu hiyo hiyo. (Kete za bao la watu zirudishwe zikiwa 64. Kuna urafiki umewahi kulegea kwa kete mbili.)

Tafuteni pia kitu cha kuonyesha mgawaji ni nani, kifuniko cha chupa kinatosha. Na sehemu ya kuchezea iwe na kitambaa au mkeka, kwa sababu juu ya saruji ya baraza karata hazinyanyuki vizuri na jirani ataona chini yake.

Karata zenyewe

Aina ni nne: kopa na uru, nyekundu, shupaza na pau, nyeusi. Pau ndiyo ile yenye vichwa vitatu, wengine huiita maua. Kila aina ina karata 13, kuanzia mbili mpaka kumi, kisha ghulamu (J), bibi (Q), mfalme (K) na ree (A) juu ya wote.

Waliozoea michezo ya turufu, kama wahedi wa sitini, wana mambo mawili ya kusahau. Katika poka saba ni saba tu, haina uzito wowote wa ziada. Na hakuna turufu: shupaza haiishindi kopa, kopa haiishindi pau. Watu wawili wakiwa sawa kabisa, fungu, yaani kete na kunde zote zilizowekwa katikati, linagawiwa nusu kwa nusu.

Mkono upi unaushinda upi

Mkono wa poka siku zote ni karata tano. Kutoka karata 52 unaweza kupata mikono 2,598,960 tofauti, na kadiri mkono ulivyo adimu ndivyo ulivyo mkubwa. Kuanzia juu:

1. Mfululizo wa aina moja: karata tano zinazofuatana na zote ni aina moja, kama 5-6-7-8-9 za pau. Ipo 40 tu. Mkubwa wake ni kumi mpaka ree.
2. Nne: karata nne za namba moja. 624.
3. Tatu na mbili: kwa mfano bibi watatu na sita mbili. 3,744.
4. Aina moja: karata tano za aina moja bila ya kufuatana. 5,108.
5. Mfululizo: tano zinazofuatana, aina zimechanganyika. 10,200.
6. Tatu: 54,912.
7. Jozi mbili: 123,552.
8. Jozi moja: 1,098,240.
9. Mtupu: hakuna kitu, inahesabiwa karata kubwa tu. 1,302,540, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mikono yote.

Wanaoanza hukosea zaidi kwenye namba nne na tano: aina moja inaushinda mfululizo. Andikeni kwenye kikaratasi mkibandike ukutani wiki ya kwanza. Ree inaweza kukaa juu (kumi, ghulamu, bibi, mfalme, ree) au chini (ree, mbili, tatu, nne, tano), lakini haizunguki: bibi, mfalme, ree, mbili, tatu si mfululizo.

Wawili wakiwa na jozi moja inayolingana, hutazamwa karata ya pembeni. Wewe una jozi ya mfalme na ree pembeni, mwenzako ana jozi ya mfalme na tisa pembeni: umeshinda. Zikilingana nazo, inatazamwa inayofuata, mpaka karata tano ziishe. Karata ya sita na ya saba hazihesabiwi kamwe.

Mzunguko mmoja, mwanzo mpaka mwisho

Poka ziko nyingi. Tunayocheza ni ile ya Texas, ambayo Bunge la jimbo hilo lilitambua mwaka 2007 kwamba chimbuko lake ni mji mdogo wa Robstown, mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiyo inayochezwa zaidi duniani na ndiyo rahisi kufundisha, kwa sababu karata nyingi ziko wazi mezani na mnaweza kuzijadili baada ya mchezo.

Mgawaji anachanga karata, jirani anakata. Changeni kweli kweli. Tabia yetu ya kutoa fungu la juu na kulirudisha chini mara mbili tatu inaacha karata zikiwa zimeshikana kama zilivyokuwa mzunguko uliopita. Kabla ya kugawa, aliye kushoto kwa mgawaji anaweka kunde moja, hii tuiite lazima ndogo. Anayemfuata anaweka kunde mbili, lazima kubwa. Wanaweka bila ya kuona karata, ili kuwe na kitu cha kugombaniwa. Kila baada ya mzunguko kifuniko cha chupa kinahamia kushoto, kwa hiyo kila mtu hulipa kwa zamu.

Sasa kila mmoja anapata karata mbili, kwa siri. Anayeanza kusema ni aliye baada ya lazima kubwa. Ana njia tatu. Atupe karata zake na asubiri mzunguko mwengine. Afuate, yaani aweke kunde mbili. Au aongeze: nyongeza lazima iwe sawa na ile iliyotangulia au zaidi, hivyo kiwango cha chini ni kufikisha kunde nne. Zamu inakwenda kushoto mpaka wote waliobaki wawe wameweka sawasawa. Mwenye lazima kubwa, kama hakuna aliyeongeza, naye anaulizwa: unapisha au unaongeza?

Baadaye mgawaji anafunika karata moja ya juu kando, bila ya kuionyesha, halafu anafunua tatu katikati. Hizi ni za wote. Ile ya kufunikwa kando ni kinga dhidi ya mwenye macho aliyekwisha kuiona karata ya juu. Raundi ya pili ya maneno huanza kwa aliye kushoto kwa mgawaji kati ya waliobaki, na sasa kuna njia ya nne: kupisha, yaani kubaki bila ya kuweka kitu, maadamu hakuna aliyeweka kabla yako. Inafunuliwa karata ya nne, raundi nyengine. Ya tano, raundi ya mwisho. Kama bado wapo wawili au zaidi, wanaonyesha, na kila mmoja anatengeneza mkono bora wa tano kutoka karata saba: mbili zake na tano za mezani. Anaweza kutumia zake mbili, moja, au asitumie hata moja.

Akibaki mmoja baada ya wengine wote kutupa, fungu ni lake na halazimiki kuonyesha alikuwa na nini. Asionyeshe. Tutarudi kwa hilo.

Mtu akiweka kete zake zote na wenzake wana zaidi, hatolewi. Anagombania kile alichoweza kufikia tu. Tuseme mvuvi ameweka kunde 20 zote alizobaki nazo, na wengine wawili wanaendelea mpaka kila mmoja amefikisha 50. Fungu kuu ni 60, la watu watatu. Kunde 30 za ziada za kila mmoja, jumla 60, ni fungu la pembeni la wale wawili peke yao. Mvuvi akishinda anachukua fungu kuu, na la pembeni linakwenda kwa bora kati ya wawili hao. Tenganisheni mafungu hayo pale pale, kabla ya kuendelea. Ugomvi mwingi niliousikia kwenye poka ulitokana na kungoja mwisho ndipo watu wahesabu.

Adabu tatu nisizozilegeza. Kiasi cha kuongeza kinatamkwa mara moja. Hakuna kuweka tatu, ukamtazama mwenzako usoni, halafu ukaongeza nne. Aliyetupa hazungumzii karata zake mpaka mzunguko uishe. Na watazamaji wanyamaze. Hili la tatu ndilo gumu kwetu: baraza ya dhumna bila ya wapambe haijakamilika, lakini katika poka mtu aliyesimama nyuma yako na kikombe cha kahawa akisema "ah!" tu, ameshakuuza. Watazamaji wakae upande mmoja, ule usio na mchezaji.

Kutupa kabla ya kuanza

Sasa mbinu. Ya kwanza ina faida kuliko nyengine zote kwa pamoja: mkiwa sita, tupa kiasi cha migawo minne katika kila mitano unayopata. Inachosha, najua. Mtu amekuja kucheza, si kutazama. Lakini fikiria hesabu yake. Karata mbili zisizo jozi hukutana na jozi au zaidi katika zile tatu za mwanzo kama mara moja katika tatu. Mara mbili katika tatu utabaki mtupu, na kama ulianza na karata dhaifu hata hiyo jozi utakayoipata itakuwa ndogo.

Mgawo wa jozi huja mara moja katika 17. Ree mbili, mara moja katika 221, usikae ukizingoja. Kwa anayeanza ningesema hivi: ukiwa miongoni mwa wa mwanzo kusema, cheza jozi ya nane kwenda juu, ree na mfalme, ree na bibi, na picha mbili kubwa za aina moja. Ukiwa wa mwisho au karibu yake, ongeza hapo jozi ndogo, ree yoyote ikiwa na mwenzake wa aina moja, picha mbili zozote, na zinazofuatana za aina moja kama nane na tisa. Zilizobaki tupa, hata kama umekaa nusu saa hukucheza.

Mitego miwili inawanasa karibu wote. Wa kwanza ni ree na karata ndogo. Umeshika ree na nne, inafunuliwa ree, moyo unaruka. Ni nani atakayekufuata kwa nguvu hapo? Ni yule mwenye ree na ghulamu, na karata yake ya pembeni inaila yako. Ukishinda unashinda kidogo, ukifungwa unafungwa kikubwa. Wa pili ni "lakini zilikuwa aina moja!" Karata mbili za aina moja hukamilisha tano katika zile tatu za mwanzo chini ya mara moja katika mia. Zinaongeza thamani kidogo kwenye karata nzuri. Mfalme na tatu za kopa ni takataka kama mfalme na tatu nyengine yoyote.

Jozi ndogo, mbili mpaka saba, zichezwe kwa bei rahisi tu. Unangoja ya tatu itokee mezani, na hilo hutokea kama mara moja katika nane. Ikitokea, hakuna atakayekushuku. Isipotokea na mtu akaongeza, tupa bila ya majonzi.

Ukiamua kucheza, ongeza usifuate tu. Kunde sita ni kiasi kizuri, na ongeza mbili kwa kila aliyefuata kabla yako. Anayeongeza ana njia mbili za kushinda: awe na mkono bora, au wengine watupe. Anayefuata ana moja.

Mahali ulipokaa

Mgawaji ndiye anayesema mwisho katika raundi zote baada ya karata tatu kufunuliwa. Ameshawaona wengine wanafanya nini kabla ya yeye kuamua. Hii ni faida kubwa kuliko wanavyodhani wanaoanza, na ndiyo sababu bibi na ghulamu za aina tofauti ni karata za kutupa ukiwa wa mwanzo na ni za kucheza ukiwa na kifuniko mbele yako. Hakuna zaidi ya kueleza. Chezeni usiku mmoja mkilitazama jambo hili peke yake, mtaliona.

Bei

Hapa ndipo poka inapoachana na bahati. Mtu akiweka dau, amekupa bei. Kazi yako ni kuuliza: nafasi yangu ya kushinda inalingana na bei hii? Hesabu yake: gawa unachotakiwa kulipa kwa jumla ya fungu pamoja na malipo yako. Fungu likiwa 20 pamoja na dau lake, na wewe unatakiwa kulipa 7, ni 7 kwa 27, asilimia 26. Unahitaji kushinda zaidi ya mara moja katika nne.

Na nafasi yako unaijuaje? Hesabu karata zinazokufaa ambazo hujaziona, zidishe mara mbili: hiyo ni asilimia ya kuipata kwenye karata moja ijayo. Kama hutolipa tena mpaka mwisho na zimebaki karata mbili, zidisha mara nne. Una kopa nne, unaitaka ya tano: kopa ni 13, umeona nne, zimebaki tisa. Mara mbili ni asilimia 18 (hasa ni 19 na ushei). Mfululizo ulio wazi pande mbili, kama sita mpaka tisa, una karata nane. Uliotoboka katikati una nne tu, asilimia 8 kwa karata moja, na hawa ndio wanaowamaliza watu kete: "nilihitaji saba tu!" Saba zenyewe ziko nne katika karata 47.

Tuuchukue mzunguko mmoja tuufuate polepole. Wachezaji wanne, kila mmoja na kunde 80. Fundi ndiye mgawaji. Maalim ameweka moja, mvuvi ameweka mbili. Muuza urojo anaanza, ana tisa na nne, anatupa. Fundi ameshika ree na bibi, wote kopa. Anaongeza kufikisha sita. Maalim anatupa. Mvuvi ana ghulamu na kumi za uru, analipa nne nyengine. Fungu lina 13.

Zinafunuliwa: kumi ya shupaza, tano ya kopa, mbili ya kopa. Mvuvi amepata jozi ya kumi, hakuna kubwa kuliko hiyo mezani, na anaweka saba. Fungu sasa ni 20. Fundi hana kitu mkononi, mtupu kabisa. Bei yake ni ile asilimia 26 tuliyoihesabu. Kopa tisa pekee zinampa 19 kwa karata moja, hazitoshi. Lakini ree tatu na bibi watatu nao wangemuweka juu ya jozi ya kumi, jumla karata 15 kati ya 47, asilimia 32. Fundi haoni karata za mvuvi, ila anamjua: huyu haweki kwa karata tupu, bila shaka ameshika kumi. Analipa. Fungu 27.

Ya nne ni saba ya pau. Mvuvi anaweka 18, fungu linakuwa 45. Bei: 18 kwa 63, karibu asilimia 29. Nafasi, zikihesabiwa zote 15, ni 33. Zikihesabiwa kopa peke yake ni 20. Sasa tuko ukingoni. Kama mvuvi ana ree na kumi, au jozi mbili, baadhi ya zile karata 15 hazina faida tena. Mimi hapa ningelipa, lakini sigombani na atakayetupa. Fundi analipa. Fungu 63, kila mmoja amebakiwa na 49.

Ya tano: mfalme wa pau. Fundi amekosa yote. Mvuvi anapisha.

Kutishia nyau

Hapa kila anayeanza anataka kufanya jambo moja: kuweka dau kubwa bila ya kitu na kumtisha mwenzake. Hadithi ya fundi hata ina mantiki. Ndiye aliyeongeza mwanzo, amelipa mara mbili, na mfalme ni karata ambayo mtu wa namna hiyo anaweza kuwa nayo. Mvuvi mwenye jozi ya kumi ana haki ya kuogopa. Fundi akiweka 30 kugombania 63, hesabu yake ni 30 kwa 93: inatosha mvuvi atupe mara moja katika tatu na jaribio lina faida.

Swali ni moja tu: mvuvi hutupa? Si karata yake, ni mtu mwenyewe. Kama tangu magharibi amekuwa akilipa kila dau ili "aone tu", basi mtu mzima hatishiwi nyau, na kunde 30 zitakwenda bure. Fundi apishe, aonyeshe, akubali kufungwa kwa kilichokwisha kuingia. Ikiwa mvuvi ni wa kuhesabu, tena kete zake zinapungua na hataki kuinuka kiti, mtishe.

Ndiyo maana katika poka isiyo na pesa, wiki za mwanzo, vitisho vipunguzeni mpaka karibu na sifuri. Wachezaji wapya hawatupi. Kwa watu kama hao faida iko upande wa pili: ukiwa na mkono mzuri weka dau, weka tena, weka kubwa, nusu ya fungu mpaka fungu zima, kwa sababu watalipa. Wengi hufanya kinyume, wakipata tatu wananyamaza kijanja wakingoja mwenzao aingie mtegoni, na mwenzao anapata mfululizo wake bure.

Ukishatishia ukafaulu, usionyeshe karata kwa kujisifu. Nimeona watu wakizifunua na kucheka, baraza zima likacheka nao, na kuanzia hapo kila mtu akawa anawalipa mpaka kete zikawaishia.

Kumsoma mtu

Haya ya macho na mikono yametiwa chumvi mno, lakini yapo. Mtu anatia mkono kwenye sahani ya kashata, anatazama karata zake, mkono unabaki juu ya sahani haushuki. Huyo amepata kitu. Anayeongea sana halafu ghafla akanyamaza, vilevile. Anayeweka kete kwa kishindo mara nyingi hana kitu, na anayeziweka taratibu huku akipumua kwa shida, ogopa.

Lakini kinachosema kweli zaidi ni dau lenyewe. Kumbuka aliongeza lini, alifuata lini, na mwisho alionyesha nini. Mtu asiyeongeza usiku kucha akiongeza kwenye karata ya tano, ana mkono. Tupa jozi yako, hata kama ni ya ree. Hiyo ndiyo tupa ngumu kuliko zote na ndiyo inayotofautisha wachezaji.

Kete zinapopungua

Ili mchezo usiendelee mpaka alfajiri, pandisheni lazima kila baada ya kifuniko kuizunguka meza nzima mara mbili: 1 na 2, kisha 2 na 4, kisha 4 na 8, kisha 5 na 10. Hapo kete zako zinaanza kuliwa hata usipocheza. Zikifika chini ya mara kumi ya lazima kubwa, acha habari ya kuongeza kidogo kidogo. Una maamuzi mawili tu, kuweka zote au kutupa, na uweke zote kabla hujabakiwa na chache mno kumtisha yeyote. Jozi yoyote, ree yenye karata ya kadiri, picha mbili: weka. Kusubiri ree mbili huku ukiliwa ni kuinuka kiti polepole.

Wakibaki wawili, kanuni inabadilika kidogo na watu hugombana kwa kutoijua. Mgawaji ndiye anayeweka lazima ndogo, na yeye ndiye anayeanza kusema kabla ya karata za mezani. Baada ya hapo anasema wa mwisho. Karata za kucheza nazo zinapanuka sana: mkiwa wawili, ree na karata yoyote ni nzuri, mfalme na karata yoyote inachezeka, na jozi ya nne ni karata ya kuongezea. Ukiendelea kungoja kama mlivyokuwa sita, utamalizwa na lazima tupu bila ya kuonyesha karata hata mara moja.